Kimya Mpaka Uso Ukauke

Kabla ya kukaa apakwe, Jirani alikuwa na desturi ya kukigeuza kibao cha mbuzi mpaka kitazame mlango. Hicho kibao cha kukunia nazi ndicho kilichokuwa kiti chake cha urembo. Alikaa hapo, mgongo umenyooka, kanga ameifunga kifuani, nywele amezibana kwa kitambaa cha zamani, kisha akaniambia, "Haya, anza." Mimi, zamu yangu ilipofika, nilijitupa chali kwenye mkeka kama gunia lililoshushwa mgongoni. Yeye hakulala hata siku moja. Miaka yote tuliyopakana nyuso pale Magogoni sikuwahi kumwona Jirani amelala mchana, wala kumwona ameupa mlango mgongo.

Ukoo wake siujui vizuri na alikozaliwa sikumuuliza. Nilimkuta katika nyumba ile ya vyumba vya kupanga, chumba chake kikitazamana na changu, ukumbi ukiwa katikati. Siku za mwanzo nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa alinizidi umri, naye akanikatiza: "Usinizeeshe, shoga. Mie na wewe twapanga nyumba moja, twagombea bomba moja." Basi akawa Jirani, nami nikawa shoga yake, na hatukubadilisha tena. Mimi ni Mrabai, Mkristo, nimekuja mjini kutafuta kazi. Yeye alikuwa Mwislamu wa papa hapa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kirefu kuliko changu. Hakuacha kunisahihisha.

Kazi yake ilikuwa mahamri na mbaazi. Alikanda unga kabla ya alfajiri na kukaanga mpaka jua lilipopanda, uso juu ya karai, moshi na mvuke wa mafuta vikimwingia kila kitundu cha ngozi. Watu wa mtaa walimjua kwa ulimi. Mtu akibonyezabonyeza hamri kabla ya kununua, alimwambia, "Hilo si embe, baba, haliivi kwa kubonyezwa." Lakini mkono ule ule uliokuwa ukiwapokonya watu mahamri, ukija usoni mwako ulikuwa mwepesi, hata ulisahau kama kuna mtu anakugusa. Alikuwa na msemo wake: "Uso si sufuria, usiusugue." Akauzungusha mkono polepole, kutoka kidevuni kwenda juu, na ole wako uzungushe kwenda chini. Kwenda chini, alisema, ni kuusaidia uzee kazi.

Hakununua kitu kwa ajili ya uso. Kila tulichopaka kilikuwa kimebaki jikoni. Chicha za nazi alizokamua tui la mbaazi, alizifinyanga na asali kidogo zikawa za kusugulia miguu na viwiko. Mtindi ulioanza kuchachuka zaidi ya kunyweka, alikoroga na unga wa dengu, ukawa wa usoni. Maji ya kwanza ya kuoshea mchele aliyaweka kwenye jagi la plastiki, na maganda ya papai hayakufika jaani kabla ya kupitia mashavuni mwetu. Ndimu aliiogopa. Alisema ndimu ni ya samaki, na anayejipaka ndimu asilalamike akianza kunuka mchuzi.

Mimi nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kule Shanzu. Hoteli ile ilikuwa na chumba cha masaji, wageni wakilazwa vitandani na kupakwa vitu, na taulo zao zilikuja kwetu na madoa ya kila rangi. Nikitoka kazini miguu imevimba na mikono imechunika kwa sabuni, nilimhadithia Jirani niliyoyaona. Nilipomwambia kwamba wageni huwekewa vipande vya tango machoni, aliacha kukoroga.

"Tango juu ya mato?"

"Juu ya macho, Jirani. Wanasema yanaondoa uchovu."

"Na kachumbari watakula na nini?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Jumapili iliyofuata alikata tango, akaniwekea vipande viwili machoni, na mimi nilipovitoa nikamkuta anavila na chumvi.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu, mimi nimerudi kanisani, yeye ameswali adhuhuri. Alikuwa mkarimu kwa namna ya ajabu. Asali yake ilikuwa ya uso. Niliwahi kutia kijiko kimoja kwenye chai yangu nikadhani si neno, akaninunia wiki nzima. Lakini wiki hiyo hiyo alinipaka asali ile ile shingo nzima, mpaka ikanitiririka kifuani, na wala hakuona kama ameiharibu. Aliwacheka wanawake wanaojichubua kwa krimu, akisema wanalipa pesa ili wapate uso wa mtu mwingine. Na chini ya kitanda chake kulikuwa na kopo la krimu kutoka Dubai, halijafunguliwa, alilopewa zawadi na mteja. Nilipomuuliza mbona halitupi, alinijibu kwamba kopo ni zuri, atatilia iliki.

Sheria yake kubwa ilikuwa kimya. Ukishapakwa husemi mpaka uso ukauke. Dengu ikikauka inavuta, na ukisema inapasuka, na ikipasuka, kwa maoni yake, inakuachia mistari ambayo hukuwa nayo. Alivyokuwa msemaji, mtu asingeamini jinsi alivyoitii sheria hiyo. Siku moja mwenye nyumba alikuja kulalamika habari ya maji kumwagwa uani, akamkuta Jirani mweupe pe kwa mtindi. Alilalamika, akauliza, akauliza tena. Jirani alimwonyesha uso wake kwa kidole, kisha akamwonyesha mlango. Mzee wa watu akatoka akijisemea.

Na kulikuwa na neno ambalo hakutaka kulisikia chumbani mwake: nimechoka. Mimi nilikuja nalo mdomoni kila siku. Nilifungua kinywa tu, yeye akasema, "Neno hilo liache ukumbini, na viatu." Nilidhani ni ukali tu. Baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa mtu aliyechoka kuliko sote, na kwamba aliliogopa neno lile kama mtu anavyoogopa kukaa kitako akijua hatainuka.

Uchovu wake haukuwa wa mahamri. Jirani alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na hakunificha: alitaka kuachwa.

Alikuwa na mume. Mumewe alihamia Mtwapa kwa mke mdogo, miaka mingi kabla mimi sijaja, na hakumpa Jirani talaka yake. Hakumtunza wala hakumwacha. Alikuja anapotaka, pengine mara moja kwa mwaka, pengine mbili, bila taarifa na bila hodi, kwa kuwa mtu habishi hodi kwake. Alikula, alilala, alilalamikia chumvi, kisha akaenda zake, na baada ya hapo Jirani alikaa siku kadhaa hasemi na mteja wala na mimi. Alikuwa ameomba talaka kwa upole akachekwa. Alitaka kwenda kwa kadhi, wazee wa pande zote mbili wakaja kumrai asimwaibishe mwenzake, mume akaja na mchele na maneno ya asali, wakasuluhishwa. Mchele ulipokwisha na yeye alikuwa amekwisha kuondoka.

"Si mke, si mtalaka," aliniambia siku moja akikuna nazi. "Mie ni kama kiti alichokiacha kwa watu. Siku akitaka kukaa, yuaja."

Ndiyo sababu ya kibao kutazama mlango. Na ndiyo sababu, kila siku ya Mungu, kulikuwa na sahani ya wali mezani, imefunikwa kawa. Aliniambia kwamba akija akakuta hakuna chakula atapata la kuwaambia wazee, na hakutaka kumpa la kusema. Basi akapika chakula cha mtu asiyekuwepo, na kesho yake akala kiporo. Niliichukia ile kawa kama mtu. Jumapili, nimelala na dengu usoni, niliiona kwa pembe ya jicho na nikahisi kuna mtu wa tatu chumbani.

Sasa habari ya manjano. Manjano tuliyatia siku zote, lakini chembe tu, kwa ncha ya kijiko, na siku zote pamoja na maziwa, kwa maana mimi kwa kazi yangu nilijua na yeye kwa upishi wake alijua kwamba manjano hayatoki. Hayatoki kwenye taulo, na kwenye uso hukaa mpaka yachoke yenyewe. Kuna jambo jingine ambalo mimi Mrabai sikulijua vizuri. Kwa watu wa Jirani, mwanamke mzima akionekana uso na mikono imeiva manjano, maana yake moja tu: anasingwa. Yuko ndani na somo wake, mama anayemfunda, anamsugua singo, ngozi ing'ae, kwa sababu anaolewa.

Jumamosi moja nilirudi kazini alasiri, nikamkuta amekwisha kukoroga. Hakusubiri Jumapili. Nikaona anatia kijiko cha manjano, akatia kingine, akatia na kingine, vijiko vya kulia chakula.

"Jirani, yatashika hayo."

"Na yashike."

Nikampaka uso, shingo na mikono mpaka viwikoni, kama alivyoelekeza. Yalipokauka akanawa. Alikuwa wa manjano kama papai la kuiva. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kamwe: akatoka nje, akakaa barazani mbele ya nyumba, saa ile ambayo wanawake wa mtaa wote wanakwenda dukani kutafuta vitu vya kupika usiku. Akakunjua kanga kidogo ili mikono ionekane. Akakaa.

Wa kwanza alipita, akarudi kinyumenyume. "Bibi wee! Ni nini tena hivi?"

Jirani akatabasamu, akatazama chini.

"Kumbe ushaachwa, na hatujui? Kimya kimya hivyo?"

Hakusema ndiyo wala la. Alivuta kanga mdomoni, kama mwari. Kabla ya magharibi vigelegele vilikuwa vimekwisha kupigwa uani kwetu, na mwanamke mmoja alikuwa ameleta udi. Mimi waliniita kando wakanitaka niwatajie bwana harusi. Nikawaambia sijui lolote, nao wakanisifu kwa kuweka siri. Nilipomwendea Jirani nikamwambia watu wanasema anaolewa, alinijibu huku anachekecha unga: "Mimi nimesema naolewa?"

"Hujasema."

"Basi."

Kutoka Magogoni mpaka Mtwapa si mbali kwa gari, na kwa maneno ni karibu zaidi. Siku chache baadaye, siku yangu ya mapumziko, Jirani aliniita tupake tena. Manjano vilevile, mengi. Safari hii alinipaka mimi kwanza, kisha nikampaka yeye. Akakigeuza kibao chake, akakaa. Wanawake wawili, wapangaji wenzetu, walikuwa wamekaa kizingitini wanatunga maua ya asumini, kwa kuwa walikwisha kujifanya watu wa harusi. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli mkononi, uso umeshaanza kunivuta, pale mumewe alipoingia.

Nilikuwa nimewahi kumwona mara chache. Mtu wa kawaida, kikofia kimekaa vizuri, tumbo dogo. Siku zote aliingia akitazama kwanza mezani kwenye kawa. Siku hiyo hakutazama mezani.

"Ala! Kumbe ni kweli!"

Asumini zikaanguka. Jirani alimtazama tu.

"Nimeyasikia nikasema ni uzushi wa wanawake. Waolewa juu ya ndoa yangu? Wewe? Umri huo?"

Kimya. Nilimtazama Jirani nikingoja amkate kwa ulimi wake, yeye niliyemsikia akiwatoa jasho wateja kwa hamri moja. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, manjano yanakauka kuanzia kwenye paji la uso.

"Nakuuliza. Kama ni uongo, kana. Sema si kweli, nami nitakwenda kuwafunga midomo. Sema!"

Hakusema. Uso ulikuwa haujakauka. Mume akanigeukia mimi. "Na wewe, ndiye somo wake? Huyo mwanamume ni nani?" Na mimi nilikuwa nimepakwa, na sheria ya chumba kile niliijua. Nikaonyesha uso wangu kwa kidole. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nadhani ulikuwa uchovu.

Kwao, mwanamke akiulizwa habari ya kuolewa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa amekubali. Hivyo ndivyo mabinti wanavyoozwa. Mume alingoja, akaitazama ile sura ya manjano ambayo haikukana, na nikaona kwa macho yangu jinsi alivyohesabu kichwani: watu wa msikitini wamekwisha kusikia, mke anamwacha mbele ya dunia nzima, na njia ya kutoka na heshima ni moja.

"Basi na aje akuchukue," akasema. "Mimi nimekuacha. Nimekuacha talaka tatu!"

Akatoka. Kwa mara ya kwanza hakula.

Hapo ndipo Jirani alipofungua kinywa, na manjano yakapasuka kutoka puani mpaka kidevuni. Hakunitazama mimi. Aliwatazama wale wawili kizingitini.

"Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema.

"Talaka ngapi?"

"Tatu, bibi."

Akainuka. Nilidhani atapiga kigelegele, au atalia. Alikwenda mezani, akaondoa kawa, akauvuta ule wali akaanza kuula, kwa mkono wa manjano, polepole, mpaka sahani ikawa tupu. Vipande vya manjano vilimwangukia kwenye kanga na hakuvipangusa. Alipomaliza alinitazama, akasema neno ambalo alinikataza miaka yote.

"Nimechoka, shoga."

Nilikaa chini sakafuni karibu naye. Mimi ndiye niliyelia.

Mtaa ulingoja harusi muda mrefu. Jirani alikaa eda yake kama ipasavyo, na eda ilipokwisha hakuja bwana harusi yeyote. Wengine waliona wamechezewa, na yule aliyeleta udi alikuja kuudai. Wengine walisema ni Mungu tu, mja hapangi hivyo. Jirani alishikilia kwamba siku ile mkono uliteleza, manjano yakamwagika. Wallahi niliona kijiko, na kilikwenda na kurudi. Lakini sikumuuliza, kwa kuwa swali lile lingemlazimisha aniambie uongo au aniambie ukweli, na vyote viwili ni kazi kwa mtu aliyechoka. Sahani chini ya kawa haikuwekwa tena. Lakini kibao, Jumapili, aliendelea kukigeuza. Nilitaraji ataacha. Miaka mingi ya kutazama mlango haiondoki kwa neno moja, hata likisemwa mara tatu.

Kisha akahamia Likoni, akakae karibu na dada yake, na mimi nikabaki na kufulia kwangu. Chumba chake walipanga vijana wa bara wenye redio kubwa.

Nilimtembelea hivi majuzi. Tulikuwa tumeahidiana kwa muda mrefu, na kila mara kazi ilinizuia au mwili ulikataa. Nilivuka na feri nikiwa nimechoka hata kabla ya safari, nikaulizia mama wa mahamri, nikaonyeshwa. Amenenepa kidogo. Ulimi ni ule ule. "Uso wako una nini, shoga?" aliniambia kabla sijakaa. "Wafulia nao?"

Akakoroga mtindi na unga wa dengu, akatia chembe ya manjano kwa ncha ya kijiko. Alinipaka, mkono mwepesi vilevile, kidevuni kwenda juu. Nikampisha, nikatafuta kibao cha mbuzi kwa macho. Kilikuwa pembeni, kimeegeshwa ukutani. Jirani alitandika mkeka, akajilaza chali, miguu dirishani, kichwa mlangoni, akafumba macho.

Nikampaka. Nilianza paji, nikashuka mashavuni, nikaizungusha mikono kama alivyonifunza. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya kichwa chake, watu wanapita, vivuli vyao vinaingia na kutoka sakafuni. Hakufumbua jicho.

Ni mimi niliyevunja sheria. Sijui kwa nini nilichagua wakati huo. Nilimuuliza, huku dengu ikinipasuka mdomoni, "Jirani, siku ile. Ulikusudia?"

Nilingoja. Nikajiambia ataniambia ukikauka. Nikakaa karibu naye, nikautazama uso unavyobadilika rangi, kingo kwanza, kisha pua, na wa mwisho kidevu. Ulikauka wote, na hakusema. Nikainama. Alikuwa anapumua kwa kinywa wazi kidogo, kwa sauti, kama watu wanavyopumua.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Mlangoni pakasimama mtu, mwanamume, mteja nadhani, akabisha hodi kwa sauti kubwa ya watu wa Likoni. Nilishtuka mimi. Nilimtazama Jirani. Hakutikisika.

"Hodi jamani! Mwenyewe yuko?"

Nikaweka kidole mdomoni, nikainuka, nikaenda nikasimama kizingitini.

"Amelala," nikamwambia. "Njoo baadaye."